Bruges: Kicheko Mbele ya Maiti

Nilikwenda Bruges kwa ajili ya filamu. Wengi huenda kwa chokoleti, kwa mifereji, au kwa sanamu ya Bikira Maria na Mtoto aliyoichonga Michelangelo. Mimi nilivutwa na In Bruges, filamu ndefu ya kwanza ya Martin McDonagh, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kiayalandi. Ilitoka mwaka 2008. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaonyesha vipande vyake vijana ninaowafundisha kuandika skripti Dar es Salaam, na kila mara mmoja wao, akishamaliza kucheka, huuliza kwa sauti ya mtu aliyeshtuka: hivi tumecheka nini?

Wana haki ya kuuliza. Wauaji wawili wa kukodiwa, Ken ambaye ni mtu mzima na Ray ambaye bado kijana, wametumwa Bruges na bosi wao, Harry, wakajifiche baada ya kazi ya London kuharibika. Ray alikuwa ameagizwa kumuua padre. Alimuua, lakini risasi moja ilipitiliza ikampata mtoto wa kiume aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuungama. Mtoto alikuwa ameshika karatasi aliyoandika dhambi zake, na zilikuwa dhambi za mtoto: kununa, kutojua hesabu, kuwa na huzuni. Basi juu ya kaburi hilo McDonagh amejenga filamu inayochekesha karibu saa nzima na dakika arobaini na ushei, ikampatia Colin Farrell, aliyeigiza Ray, tuzo ya Golden Globe, na yeye mwenyewe tuzo ya BAFTA ya skripti.

Ucheshi mweusi, ule unaocheza na kifo, ugonjwa na ukatili, una historia ndefu kwenye sinema. Mwaka 1964 Stanley Kubrick aliuangamiza ulimwengu kwa mabomu ya nyuklia katika Dr. Strangelove na watu wakatoka ukumbini wakicheka. Mwaka 2017 Armando Iannucci aliigeuza maiti ya Stalin kuwa chanzo cha vichekesho, na Januari 2018 serikali ya Urusi ikaizuia filamu yake isionyeshwe. Kwetu tumezoea kuvitenga viwili hivi, kifo na kicheko. Filamu ya msiba ni ya kulia, komedi ni ya kucheka, na kila moja ina rafu yake. Nadhani tunapoteza kitu kwa kuvitenga hivyo, na nilitaka kukitafuta kitu hicho mahali ambapo McDonagh alikitafuta.

Nilifikia Brussels, mtaa wa Matonge, kwa mama mmoja wa Lubumbashi aliyeishi Ubelgiji tangu ujana wake. Matonge imepewa jina la mtaa wa Kinshasa. Ukishuka kwenye basi unakutana na saluni za kusuka nywele, mihogo, pondu, samaki wakavu, na Kiswahili cha Kongo kikigombania nafasi na Kilingala na Kifaransa. Wakati wa chakula cha jioni nilimweleza mama safari yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema filamu ile anaijua, na aliizima katikati.

Palipomfanya aizime napajua vizuri. Ray yuko mkahawani na Chloë, msichana wa Kibelgiji anayemtaka. Kwa kujitapa anamtolea mzaha kuhusu nchi yake: kwamba Ubelgiji inajulikana kwa mambo mawili, chokoleti na kuwadhulumu watoto, na kwamba chokoleti zenyewe zilibuniwa ili kuwavuta watoto hao. Mzaha huo haukutoka hewani. Agosti 1996 polisi wa Ubelgiji walimkamata Marc Dutroux. Alikuwa ameteka wasichana sita. Wanne walikufa, wawili waliokolewa wakiwa hai. Nchi nzima ilitikisika, kwa ule unyama na kwa jinsi polisi na mahakama walivyozembea. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule watu wapatao 300,000 waliingia mitaani Brussels wakiwa na nguo nyeupe, maua meupe na maputo meupe, na maandamano yale yakaitwa Maandamano Meupe.

Mama alikuwemo. Alikwenda na mwanawe wa kike aliyekuwa bado mdogo, akimshika mkono tangu mwanzo wa njia hadi mwisho.

“Siku ile hakuna mutu alicheka, baba,” akaniambia. “Tulitembea kimya. Watu wengi vile, na kimya.”

Nikamuuliza kama alifika mahali ambapo Chloë anamjibu Ray. Hakufika. Nikamweleza. Chloë anamtazama Ray usoni na kumwambia kwamba mmoja wa wasichana wale waliouawa alikuwa rafiki yake. Ray anaishiwa maneno. Kile kiburi chote kinamtoka, anaomba radhi. Chloë anamwacha aive kwa aibu, halafu anamwambia kwamba si kweli, hakuwa rafiki yake, alitaka tu ajisikie vibaya.

Mama aliniuliza, “Na sisi tulioangalia? Naye alitaka tusikie vibaya?”

Nikasema naamini ndivyo. Akaguna, akaniongezea ugali. Usiku ule mazungumzo yetu yaliishia hapo, lakini swali lake ndilo lililopanda nami treni asubuhi.

Kutoka kituo cha Brussels-Midi hadi Bruges ni mwendo wa saa moja hivi, kupitia Gent. Ilikuwa Februari. Nchi ni tambarare kabisa, mashamba yamelala chini ya ukungu, minara ya makanisa ndiyo pekee inayosimama. Nilikuwa nimevaa kila nguo niliyokuja nayo na bado baridi ilipenya.

Ukitoka kituoni, kwa miguu, unafika kwanza kwenye ziwa dogo la Minnewater na Begijnhof, makazi ya wanawake watawa yaliyoanzishwa mwaka 1245, yenye nyumba nyeupe zilizozunguka uwanja wa miti. Hapo ndipo penye mabata maji wakubwa weupe, wenye shingo ndefu, wanaotembea ukingoni kama wenye mji. Wenyeji wana hadithi yao kuwahusu. Mwaka 1488 watu wa Bruges walimwasi Maximilian wa Austria wakamfungia ndani ya nyumba iliyoko uwanja mkuu. Msimamizi wake mmoja, Pieter Lanchals, walimkata kichwa hadharani. Jina la Lanchals linasikika kama “shingo ndefu” kwa lugha yao, basi Maximilian alipopata uhuru, yasemwa, aliuhukumu mji kuwalisha ndege wenye shingo ndefu milele. Ni hadithi tu. Lakini mtu mmoja alikatwa shingo kwelikweli, kaburi lake liko ndani ya Kanisa la Mama Yetu, na mji umeyageuza mauaji yale kuwa kisa cha kuwachangamsha watoto kando ya maji. McDonagh hakuuletea mji huu ucheshi wa mauti. Aliukuta.

Uwanja mkuu, Markt, ni mpana kuliko nilivyoufikiria kwa kutazama filamu. Nyumba za ghorofa zenye paa za ngazingazi upande mmoja, jumba la serikali ya mkoa upande wa pili, na kusini Belfort, mnara wa kengele, mita 83 kwenda juu. Katikati wamesimama Jan Breydel na Pieter de Coninck, viongozi wa uasi wa mwaka 1302 dhidi ya Ufaransa, wamefanywa sanamu ya shaba. Nyumba alimofungiwa Maximilian ilikuwa mahali hapo hapo. Leo ni mkahawa, watu wanakunywa kahawa.

Nilikata tiketi, nikapanda. Ngazi ni 366. Za mwanzo ni pana za kutosha watu wawili kupishana. Kadiri unavyopanda zinajikunja na kubana, mpaka mwisho unashika kamba iliyoning'inia katikati na kuomba asitokee mtu anayeshuka. Njiani kuna chumba cha hazina, ambamo zamani waliweka hati za mji ndani ya makasha ya chuma yenye kufuli nyingi, na karibu na juu kuna pipa kubwa la shaba linaloendesha kengele. Kengele ziko 47.

Kwenye filamu, Ray hataki kupanda. Anakaa chini, inakuja familia ya Wamarekani wanene, naye anawaonya bila adabu kwamba ngazi hizo hawataziweza. Wanamkasirikia, baba mtu anajaribu kumkimbiza uwanjani. Ni kichekesho cha hovyo, cha kumcheka mtu kwa mwili wake, na watazamaji wengi wanacheka. Baadaye sana, usiku, Harry na Ken wanapofika mnarani wanaukuta umefungwa. Mlinzi anawaeleza sababu: kuna Mmarekani amepata mshtuko wa moyo huko juu. Ukumbi unacheka tena, lakini safari hii kicheko kina mfupa ndani. Ule mzaha wa mchana umerudi na mtu. Niliwaza hayo nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya mia mbili na kitu, nimeegemea ukuta, nikiusikiliza moyo wangu, na nikaelewa kwa mwili kile nilichokuwa nikikifundisha kwa maneno: ndani ya filamu hii, mzaha unaorushwa haupotei hewani. Mahali fulani mbele utamwangukia mtu.

Huko juu ukungu ulikuwa umeanza kuachia. Paa nyekundu, mifereji, na mbali sana mstari ambao wanasema ni bahari. Mji huu ulikuwa bandari kubwa ya biashara ya Ulaya mpaka mkono wa bahari wa Zwin ulipojaa mchanga na meli zikahamia Antwerp. Umaskini uliofuata ndio uliouhifadhi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Kutoka hapa ndipo Ken, aliyekwisha kupigwa risasi, anapojirusha ili amwonye Ray kwamba Harry amekuja. Kabla ya kuruka anarusha sarafu chini, watu wasogee, asije akamwangukia mtu asiye na hatia. Ni kitendo kidogo tu, lakini kwangu kinatosha kumfafanua Ken. Kisha anaanguka, na bastola aliyoibeba ili ampe Ray imevunjika vipande. Kafa kwa ajili ya zawadi isiyofaa kitu. Nimeitazama sehemu ile mara nyingi na bado sijui niliwahi kuicheka au kuilia. Nadhani hufanya yote mawili kwa pumzi moja.

Kwenye jumba la makumbusho la Groeninge nilikaa muda mrefu kuliko pengine popote. Picha niliyoifuata ni ya Gerard David, aliyoimaliza mwaka 1498, ya mbao mbili, iliyochorwa kwa ajili ya ukumbi wa madiwani wa mji. Inaeleza kisa cha Sisamnes, kadhi wa Uajemi aliyekula rushwa. Ubao wa kwanza mfalme Cambyses anamkamata. Ubao wa pili amelazwa juu ya meza, amefungwa, na wanaume wanamchuna ngozi akiwa hai. Mmoja ameshauchuna mguu. Kisu kakibana kwa meno ili mikono yote miwili ivute vizuri. Wakubwa waliozunguka meza wamevaa vizuri, nyuso zao zimetulia kama za watu walio kwenye kikao. Na huko nyuma, juu, padogo, mtoto wa Sisamnes amekaa kwenye kiti cha hukumu kilichotandikwa ngozi ya baba yake.

Ray na Ken wanaitazama picha hii. Halafu wanaitazama Hukumu ya Mwisho ya Hieronymus Bosch, iliyomo humo humo, yenye vijitu vidogo vinavyoteswa kwa visu na moto na viumbe ambao ni nusu mnyama nusu chombo cha jikoni. Ray, ambaye jumba zima limemchosha, hii anaipenda. Anaanza kuzungumza habari za toharani, na anaifananisha na klabu ya Tottenham: si wabaya sana, lakini wazuri nao si wazuri. Vijana wangu wa Dar, wanaoijua ligi ya Uingereza kuliko wanavyozijua barabara za mji wao, hapo huanguka chini kwa kicheko. Dakika hiyo hiyo, bila kubadilisha sauti sana, Ray na Ken wanaanza kuongea juu ya hukumu, hatia na mtoto yule.

Nikiwa mbele ya Bosch niliona McDonagh alichukua nini hapa. Mchoraji yule aliyafanya mateso yachekeshe ili tuweze kuyasogelea. Picha ya David inakurudisha nyuma. Unataka kufumba macho. Ya Bosch inakuita uiname, uchungulie, utafute kituko kingine, na ukishainama hivyo pua yako inakuwa imegusa moto. Huo ndio mvuto wa ucheshi mweusi, na hauna uhusiano na ukatili wa mtazamaji kama wanavyodhani baadhi ya watu wema. Kuna mambo ambayo mtu akiyaendea kwa uso mkavu atageuka njiani. Kicheko kinamfikisha.

Sisi tulilijua hili kabla ya sinema. Mimi ni Mzaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi, utani uliokua kwenye njia za misafara kati ya pwani na Tabora. Alipofariki mjomba wangu, Kisarawe, mtani wetu mmoja alijilaza mbele ya jeneza akakataa litoke mpaka alipwe. Akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, bega moja juu, akidai kwamba ameondoka kusudi akimbie deni. Shangazi yangu, aliyekuwa hajala tangu asubuhi ya jana yake, alicheka mpaka akashika ukuta, halafu ndipo akalia kilio chake cha kwanza cha kweli. Lakini mtani yule alikuwa amefika alfajiri kabla ya jamaa wengi. Ndiye aliyeshika jembe kaburini, ndiye aliyelibeba jeneza mbele kulia, na alibaki mpaka tulipoondoa matanga. Mpita njia angesema maneno yale yale angepigwa. Ruhusa ya kumtania maiti inanunuliwa kwa bega.

Hicho ndicho kipimo ninachoipimia filamu yoyote ya namna hii. Simwulizi mwandishi kama amegusa jambo takatifu. Namwuliza kama amebeba.

Kanisa ambalo katika filamu linaonyeshwa kama Basilika ya Damu Takatifu, kwa picha za ndani, ni Kanisa la Yerusalemu, la familia ya Adornes, lililojengwa karne ya 15. Liko mbali kidogo na kelele za watalii. Madhabahu yake ni ya mawe, yamechongwa mafuvu, ngazi na vifaa vya mateso ya Kristo, na katikati ya kanisa amelala Anselm Adornes na mkewe, wamefanywa mawe. Ndani ya giza lile, mafuvu yakiwa usawa wa macho yangu, nilimfikiria mtoto mwenye karatasi.

McDonagh amecheza na kila kitu kwenye filamu hii: unene, urefu, utaifa, rangi, dini, kujiua. Mtoto huyo hajamgusa. Hakuna mzaha hata mmoja juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kila Ray anapobaki peke yake mtoto anarudi, na filamu inaacha kuchekesha, inakaa kimya naye. Hata katika dakika ya mwisho, Ray akiwa juu ya machela hajui atapona au atakufa, anachowaza ni kwamba akipona atakwenda kwa mama wa mtoto, aombe radhi, akubali adhabu yoyote mama atakayochagua. Jeneza lile limebebwa njia nzima.

Alasiri nilikwenda bustani ya Astridpark, yenye kibanda cha wanamuziki na uwanja wa michezo ya watoto. Bustani ni ndogo, na kulikuwa na mtoto mmoja tu akibembea, dada yake akimsukuma. Hapa ndipo kuna kipande ambacho kwangu ni kilele cha ufundi wa ucheshi huu. Ken ameamriwa na Harry amuue Ray, kwa kuwa Harry anaamini aliyemuua mtoto hastahili kuishi. Ken anamnyemelea kutoka nyuma, bastola mkononi. Anapokaribia, Ray, asiyejua lolote, anatoa bastola yake na kujielekezea kichwani. Na Ken, aliyekuja kumuua, anapiga kelele kumzuia asijiue. Kisha wanaanza kugombana, nani alitaka kufanya nini, na kwa nini mmoja aruhusiwe na mwingine akatazwe.

Hakuna maneno ya kuchekesha sana hapo. Kinachochekesha ni hali yenyewe: amri na upendo vimekutana ndani ya mtu mmoja kwa sekunde moja na upendo umeropoka kwanza. Ungeandika kipande hicho kwa machozi, mtazamaji angejua unachotaka asikie na angejikinga. Kwa kicheko hakupata nafasi ya kujikinga. Vijana wangu wanaponiuliza tumecheka nini, jibu langu kwa kipande hiki ni rahisi: tumecheka kwa sababu amepona.

Nilikaa kwenye benchi mpaka baridi ikanikatalia. Swali la mama bado lilikuwa halijajibiwa, na kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akinisumbua tangu Dar.

Mtu huyo ni Jimmy, mwigizaji mwenye kimo kifupi sana, aliyeigizwa na Jordan Prentice. Yuko Bruges akicheza kwenye filamu ndani ya filamu. Ray hawezi kumtazama bila kutoa neno juu ya kimo chake. McDonagh, kwa sifa yake, hakumfanya Jimmy malaika wa kuonewa. Usiku mmoja hotelini, akiwa amelewa dawa za kulevya, Jimmy anahubiri kwamba itakuja vita ya weupe na weusi, na kila mtu atapigana upande wa rangi yake. Mimi, mtazamaji mweusi, nilikaza mwili nilipoisikia mara ya kwanza. Ndipo Ken anapoeleza kwamba mke wake alikuwa mweusi, kwamba alimpenda sana, na kwamba mwaka 1976 aliuawa na mzungu. Anataka kujua, katika vita hiyo, yeye asimame wapi. Chumba kizima kinanyamaza. Ni kama pale mkahawani kwa Chloë, isipokuwa safari hii marehemu ni wa kweli, na mzaha umelazimishwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo McDonagh anajua. Ndiyo maana mwisho wa Jimmy unanikera. Harry anampiga Ray risasi. Moja inapita na kumlipua Jimmy kichwa, akiwa amevaa sare ya shule kwa ajili ya uigizaji wake. Harry anamwona chini, anadhani ameua mtoto, na kwa kuwa ni mtu wa msimamo anajiua palepale. Kama hesabu ya skripti, ni safi kabisa. Kila kitu kimefungwa. Lakini Jimmy amekufa ili afanane na mtoto. Hakuna aliyemwita jina. Kamera haikurudi kwake. Yule mtoto wa kanisani alibebwa na filamu nzima, na mtu huyu mzima, aliyekuwa na kazi, hasira, mapenzi na upumbavu wake mwenyewe, ameachwa barabarani kama kifaa kilichomaliza kazi. Mahali hapo filamu imetania na haikubeba. Naiona kasoro hiyo ni kubwa, na naiona kwa sababu sehemu nyingine zote zimenifundisha kuitafuta.

Charlie Chaplin alifika kwenye mpaka kama huu. Alimdhihaki Hitler katika The Great Dictator mwaka 1940, kazi ya ujasiri mkubwa kwa wakati ule. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1964, aliandika kwamba laiti angalijua yaliyokuwa yakitendeka ndani ya kambi za mateso za Ujerumani, asingeweza kuitengeneza. Sikubaliani naye kwamba ingekuwa bora isitengenezwe. Namheshimu kwa kuwafikiria wafu ambao filamu yake haikuweza kuwaona.

Nilirudi Matonge usiku. Mama alikuwa bado macho. Nilimwambia nilivyoona: kwamba kile kipande cha mkahawani kimeandikwa na mtu anayejua uzito wa wasichana wale, na kwamba bado ana haki ya kukizima, kwa sababu aliyetembea kwenye maandamano yale hahitaji mwandishi wa London amwambie ajisikie vibaya. Kipande kile kimeandikwa kwa ajili ya mimi niliyekuwa mbali, niliyecheka kabla sijajua Dutroux ni nani. Kwake kinafungua kidonda, kwangu kilifungua macho, na filamu haiwezi kuchagua nani ameketi mbele yake. Akasema hilo amelielewa. Akaniuliza kama bado nitawaonyesha vijana wangu.

Nikamjibu kwamba nitawaonyesha, na safari hii yote, si vipande. Akaniomba jambo moja: niwaeleze kwanza habari za mwaka 1996, na mlango niuache wazi, anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Tumepanga hivyo. Filamu ikiisha, kila kijana ataandika juu ya Jimmy: jina lake la ukoo ambalo filamu haikumpa, nani wa kupigiwa simu, nani atakuja kuuchukua mwili wake Bruges. Nimewaambia waandike kwa ucheshi wakiweza.